Kwako Sijifuniki

Maskati, 4 Mei 2024

Dada yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Natumai wewe na Mama hamjambo, na miguu yake haimsumbui sana. Mpe shikamoo yangu. Sisi hapa wazima, joto tu limetuanza mapema. Najua Mama hataki meseji, anataka barua ya kusomewa, basi naandika kwa mkono, naipiga picha, naituma.

Nina habari. Ile kazi yangu ya kutembeza watu, mwaka huu naileta nyumbani. Wageni wakija Tanzania huishia Unguja na Serengeti, wakapiga picha simba wakarudi kwao. Tabora hawaijui hata kwa jina. Sasa nimepata watu wa hapa wanaotaka kuifuata njia ya misafara, Bagamoyo, Tabora, mpaka Ujiji. Nitawaonyesha makumbusho ya Kwihara, boma la Wajerumani, warina asali wa misitu ya Sikonge. Kisha tutakuja Gongoni kuiona nyumba ya babu na mlango wake wa nakshi. Mkwe wangu Mzee Azzam naye yumo.

Nyumba wewe na Mama ndio mnaoikalia, kwa hiyo naomba mnisaidie kuwapokea. Ila dada, ukiwazungusha, ile habari ya bibi yake Mama iache. Watu wamekuja kupumzika.

Nawaza sana nyumbani. Mama mzazi alifariki akinizaa, na ni Mama Masika aliyenichukua akaninyonyesha pamoja na wewe. Hilo sijalisahau.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Qais


Tabora, 19 Mei 2024

Kaka Qais,

Waaleikum salaam. Hatujambo. Mama anasema marahaba nyingi kuliko ulivyomwamkia. Miguu inamuuma, lakini mdomo hauna ugonjwa. Nilipomsomea kwamba unakuja, alininyang'anya simu akaitazama weee, na kusoma hajui.

Tangu juzi anachemsha viazi vitamu na kuvianika juani. Matobolwa hayo ni yako, mimi nikigusa napigwa mkono. Akaniambia nipake chokaa ukuta wa uani. Nimepaka, na mgongo sina tena.

Kuhusu bibi yake. Alichukuliwa Umanyema akiwa mtoto, akatembezwa kwa miguu kwa njia hiyo hiyo unayowapitisha wageni, mpaka nyumba hii ya babu zako, akawa mtumwa wao. Mtu aje kuiona njia, asiambiwe nani walipitishwa? Lakini nilimuuliza Mama mwenyewe. Akasema, "Mwache mwanangu, asije akaaibika mbele ya mkwewe." Basi nitanyamaza kwa ajili yake, si kwa ajili ya wageni wako.

Usinicheke ukiziona mvi zangu. Utaziona tu, maana kwako sijifuniki. Tangu Baba na mume wangu watangulie, wewe ndiye mwanamume pekee ninayeweza kumtokea kichwa wazi.

Dada yako wa ziwa moja,
Mwanahawa


Maskati, 2 Agosti 2024

Dada Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Hamjambo huko? Shikamoo zangu kwa Mama. Tulifika salama, na wageni hawana wanachosema ila Tabora. Yule aliyepiga picha miombo ya Sikonge asubuhi, moshi wa warina asali ukipanda, ameitundika sebuleni kwake. Mwingine anasema hajawahi kuona mji wenye historia kiasi hicho ukakaa kimya hivyo.

Najua hukupendezwa na yale ya uani. Ningeanza wapi kueleza pale, Mwanahawa? Mzee Azzam ni mtu wa kuangalia nasaba. Aliniozesha binti yake kama mtoto wa nyumba kubwa ya Tabora. Angeuliza wewe ni nani kwangu, halafu Mama ni nani, halafu bibi yake ni nani. Nilisema lililokuja mdomoni.

Nimesahau matobolwa. Niwekeeni.

Ndugu yako,
Qais


Tabora, 11 Agosti 2024

Kaka Qais,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Mama si mzima sana, presha imepanda, na hospitali wamempa dawa za kumeza kila siku.

Barua yako nilimsomea nusu. Hiyo nusu nyingine nitaijibu mimi.

Ulituambia mtakuja jioni, mkaja mchana. Nilisikia sauti yako kwenye mlango wa uani, nikatoka mbio, mikono ina unga, mtandio begani. Nikakushika mabega. Sikumwona mkweo nyuma yako. Yeye alikuwa muungwana, aligeuza uso akauliza kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Samahani, huyu dada yako?" Nikangoja ujibu. Ukaitoa mikono yangu, ukasema, "Hapana, hawa wanatutunzia nyumba. Jifunike, bibi." Mama alikuwa pale pale kwenye mkeka, anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Mimi kuitwa bibi na mtu niliyenyonya naye, nitaishi. Lakini yule mwanamke alikugawia maziwa yangu, Qais. Nilikuwa mchanga, yakinipungua, na hakuniuliza. Usiku ule aliniuliza mimi, "Kwani hajawahi kuwaambia?" Nikamwambia labda alibanwa. Tangu hapo kila nikishika simu anauliza kama umeandika.

Sitaki zawadi wala samahani kwangu. Mwambie mkweo mama yako ni nani, kisha umwandikie Mama kwamba umemwambia. Mstari mmoja unatosha. Matobolwa yapo, amekataa yasiliwe.

Dada yako wa ziwa moja,
Mwanahawa


Maskati, 30 Novemba 2024

Mwanahawa,

Asalaam aleikum, natumai Mama anaendelea vizuri. Nimechelewa kujibu, kazi zimenizidi. Kundi jingine linakuja Januari, Mzee Azzam anarudi tena kwa kuipenda nchi. Safari hii Tabora tutapita tu, tutalala Kigoma. Msijisumbue na nyumba. Lile jambo nitamwambia wakati wake ukifika. Mama anajua nampenda.

Qais


Tabora, 21 Januari 2025

Kaka Qais,

Asalaam aleikum. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mama ametutoka alfajiri ya leo. Najua uko Kigoma na wageni. Nimewaomba wazee tusimzike leo, tungoje kesho baada ya Adhuhuri, wamekubali kwa shida. Ukiondoka jioni hii utawahi. Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, wanaume asioweza kuolewa nao, na Mama hana mwingine ila wewe. Mkweo mwambie chochote unachotaka. Njoo umshushe Mama.

Dada yako wa ziwa moja,
Mwanahawa


Kigoma, 21 Januari 2025

Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Nimepokea habari kwa huzuni kubwa. Poleni sana kwa msiba uliowafika. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Masika, alikuwa mtu mwema sana kwa familia yetu. Kesho nawapeleka wageni kwa boti kuona sokwe, mipango imeshafungwa na siwezi kuwaacha. Nitapita siku nyingine kutoa mkono wa pole.

Qais


Tabora, 25 Januari 2025

Bwana Qais,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi. Natumai wewe na wageni hamjambo, na sokwe mmewaona.

Bi Masika alizikwa kama tulivyopanga. Nasri, yule fundi cherehani jirani yetu, ananiambia walisimama makaburini wakiangalia barabara mpaka sheikh akasema inatosha. Basi Nasri akashuka na watu wengine wa msikitini. Anasema walimlaza vizuri. Nimemshukuru.

Matangani kila aliyenipa pole aliuliza habari zako, na nani anakupa pole wewe huko ulipo. Kisha nikaisoma tena barua yako. Pole hutolewa na mtu wa nje, akampa mfiwa. Umenipa, nami nimeipokea. Ahsante.

Yale matobolwa niliwapa waliochimba kaburi, wakanywea chai. Na mgeni yeyote akija kuuliza habari za njia hii, nitamweleza yule bibi aliyeletwa kutoka Umanyema. Aliyenizuia hayupo tena.

Nyumba ni ya babu yako, ukitaka kuwaonyesha watu, karibu. Piga hodi, ungoje barazani. Nitatoka nimejifunika.

Mwanahawa binti Omari