Triko ya Masika

Liège, siku ya yenga, baada ya misa ya Jumapili

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia, wewe na muzee na wote wa nyumbani. Mugongo wako umetulia kidogo? Dada Kavira aliniambia kwenye telefone kwamba unaenda tena kuchota maji mwenyewe, na ukikatazwa unanuna. Acha watoto wachote, Mama. Mimi niko muzima, ninakula, ninavaa makoti mawili, kazi ya kushona inaenda. Roho ndiyo inanisumbua. Nimeamua kuandika sababu kwenye telefone nitasikia sauti yako na nitadanganya tena.

Neno lenyewe ni la marehemu Masika, binti ya jirani yetu hapo Keshero.

Wiki iliyopita shule moja ya mitindo iliniita niwaonyeshe wanafunzi ile koleksiyo yangu ya kwanza ya nguo za vijana, ile ya miaka mitatu iliyopita. Unakumbuka ni wewe ulinitafutia triko. Nilikuambia ninashona pamoja triko za matanga, zile fulana nyeupe zenye foto ya marehemu ambazo kwetu tunavaa siku ya kuzika, ili watu wa huku wajue tumefiwa na nani. Ukazunguka avenue nzima na kifuko, mulango kwa mulango. Mama Masika alikuwa na moja tu, na foto nyingine hakuwa nayo, sababu telefone yake ilipotea siku alipokimbia vita kutoka Kanyaruchinya, alikokuwa ameenda kutembelea ndugu zake. Aliifua, akaipiga pasi, akasema: “Paluku amuonyeshe mutoto wangu huko Ulaya, kisha airudishe.” Ukamuahidi kwamba itarudi.

Basi wakawasha video ya maonyesho yale kwenye ukuta wa shule. Nilikuwa nimekaa mbele, ninaringa. Kijana murefu akatokea amevaa pantalo pana, mbele haina kitu. Alipogeuka, sura ya Masika ilikuwa nyuma, kwenye makalio. Akatembea mpaka mwisho, pale nilipokuwa nimepanga kreti za bia, akakaa. Alikalia ile sura, Mama, akakunja mguu, na watu wakapiga makofi.

Video ikaisha. Mwanafunzi mumoja akainua mukono akauliza: “Huyu binti ni nani?”

Nikajibu: “Ni sura tu ya kutoka kwetu.”

Ndivyo nilivyosema. Ni yule Masika mwenye alikuwa anakuja kuomba chumvi na kubaki anacheka na Kavira mpaka mama yake amuite ng'ambo ya uzio. Mama yake tunamuita kwa jina lake mpaka leo, na mimi nilishindwa kulitamka mbele ya watoto wa shule. Nilirudi nyumbani kwa miguu, treni ilinishinda, sikutaka mutu aniangalie.

Sasa sikia. Miaka ile mitatu iliyopita, siku video ilipofika Goma, mulikusanyika kwa Mama Masika kuiangalia, mukanunua na fanta. Jioni ulinipigia unalia. Nikakuambia ni washonaji wa huku walikosea, mimi sikuwa pale wakati wa kukata, hata mimi nilishtuka. Uliniamini mbio mbio. Kesho yake ukaenda kwake ukaapa, mbele ya wamama wa parokia, kwamba mutoto wako hakujua.

Mama, nilijua. Hakukuwa na mushonaji mwingine. Nilikuwa peke yangu na mashini mbili, na nilikata kwa mukasi wangu. Kwetu hata mutoto anajua triko ya matanga haishuki chini ya kiuno, haifutiwi meza, na ikichakaa inakunjwa na kuwekwa kwenye sanduku. Nilijua vizuri, na ndiyo sababu niliiweka pale. Nilitaka watu washtuke, waandike jina langu. Binti mumoja wa Bukavu, mwenye alikuwa anawapaka rangi wale vijana usoni, aliniambia nyuma ya pazia, kama kwa kaka mukubwa: “Yaya, hii haifai. Mama yake akiona?” Nikamujibu: “Mama yake hana internet.” Ninaona haya hata kuliandika hilo neno.

Usifikiri nilikataa kuiuza ile pantalo. Hakuna mutu aliyeitaka, njo maana ilibaki kwenye valize yangu ya safari. Jana niliifumua, uzi kwa uzi. Macho yake ni mazima, mudomo ni muzima, lakini kidevu mukasi ulikipita katikati. Nilishika sindano, nikaiweka chini. Nimeshafanya mengi na kitambaa hiki bila kumuuliza mwenyewe. Mama Masika ndiye ataamua kama kishonwe ao kibaki vile.

Binamu Kasereka atapita Kigali na kuvuka mupaka. Ninamupa kitambaa pamoja na hii barua. Ninakuomba kitu kizito: umupelekee Mama Masika vyote viwili, na umusomee barua mbele ya wale wamama ulioapa mbele yao. Najua watakuangalia wewe, si mimi niliye mbali. Lakini Kavira ameniambia kwamba tangu siku ile Mama Masika haingii tena kwetu, na wewe unamukasirikia, unasema ana roho ngumu, anamuhukumu mutoto asiye na kosa. Alikuwa na haki, Mama. Miaka mitatu umegombana na rafiki yako kwa ajili ya uongo wangu. Usinitetee tena.

Nisalimie muzee, umusomee na yeye, asisikie kwa watu. Nisalimie Kavira dada yangu na watoto wake, tantine Kahambu anayeuza makayabo, wale samaki wa chumvi, sokoni, na mujomba dereva, barabara ya Butembo imurudishe salama.

Mama Masika simutumii salamu. Musamaha pia usimuombee kwa niaba yangu. Nitakuja kuuomba mwenyewe, nimesimama mulangoni kwake, anifungulie ao asinifungulie. Wewe umuambie tu kwamba Paluku alijua.

Mutoto wako,
Paluku