Besi ya Baba kwenye Ubao Mtupu

Mtoni, 11 Januari 2025

Mdogo wangu Shemsa,

Assalamu alaykum. Huku wazima, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua, ulimi hauna tatizo. Nyinyi hapo Maskati hamjambo?

Nimeipata kanda ya mazoezi ya taarab, ile waliyorekodi marehemu Baba na wenzake humu sebuleni, yeye anapiga besi. Nikaihamishia kwenye simu, nikamsikilizisha Mama. Akanirudishia: "Fidla naisikia, kanuni naisikia. Kila mtu yumo ila mume wangu."

Shemsa, liliniuma. Simu haina uwezo wa besi, na masikio yake siku hizi yanapungua. Nnataka amsikie kabla hayajafunga. Ntamtengenezea spika za ubao mtupu, bila boksi, kwa milango ya lile kabati la mvule. Nitafutie spika mbili kubwa za besi.

Kakaako, Haitham

Maskati, 2 Februari 2025

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Mzigo nimempa Bi Ulfat, jirani yangu, anakuja huko harusini. Muuzaji kaniapia hakuna zenye nguvu kuzishinda. Sumaku yake peke yake inavunja mkono. Wewe unatoa spika kwenye mlango wa kabati, mimi hata msumari nnaupinda! Nnajivunia wewe, kaka.

Mdogo wako, Shemsa

Mtoni, 20 Februari 2025

Shemsa, marahaba.

Mzigo umefika salama, Mungu akuzidishie. Usinikasirikie lakini: hazifai. Hizi za gari, zimeundwa zifungiwe kwenye boksi. Sumaku imeikaba karatasi, ile inayotikisika kutoa sauti. Na kwenye ubao mtupu sauti ya nyuma inazunguka inaimeza ya mbele, kwa hiyo besi haifiki. Mama kasema huyo si Baba, ni mtu anatwanga kisamvu.

Nnayoitaka ni ya inchi kumi na tano, karatasi pana na nyepesi, sumaku ya wastani. Isukume kwa kidole. Ikienda bila ubishi na kurudi taratibu, ndiyo hiyo. Mbao ntazipanua, sauti ya nyuma isiwahi kuzunguka. Jana Mama nilimwita mara tatu ndiyo akasema naam.

Kakaako, Haitham

Maskati, 6 Aprili 2025

Kaka, shikamoo, na Idd njema.

Nimezipata! Mzee mmoja Mmanga, fundi wa redio za zamani, alikuwa nazo stoo. Nikazisukuma kwa kidole mbele yake, zikaenda kama ulivyosema. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa kaka yangu Unguja, nikavimba kichwa mpaka nyumbani.

Nimeshazituma. Zikifika, nambie Mama kasemaje.

Mdogo wako, Shemsa

Mtoni, 27 Aprili 2025

Shemsa, marahaba. Sote wazima, na leo zaidi ya wazima.

Spika zimefika. Nilizisimamisha sebuleni, Mama nikamkalisha mbele. Besi ikaja, nene, laini, nikaisikia kifuani. Mama akasema nzuri, lakini uso haukufunguka. Mara akainuka, akazunguka nyuma ya mbao, akasimama penye pazia la chumbani. Nikamwambia kiti chake kipo huku.

"Huko walikaa wanaume," akasema. "Mimi nlikuwa nikimsikia kutokea hapa."

Lau ningejenga boksi, huko nyuma asingepata kitu. Lakini ubao mtupu unasema mbele na nyuma, na Mama akampata mumewe. Katikati ya wimbo kidole cha Baba kikateleza. Mama akacheka, machozi yanamtoka.

"Siku hiyo alikuwa na homa. Nlimwambia alale, hakunisikia."

Nikataka kuendelea na wimbo wa pili. Kakataa. Kaniambia nirudishe pale pale alipokosea.

Kakaako, Haitham