Mashua Yangu Itabakia na Arbre

Kamalondo, jeudi, 1976

Hapana. Nilikataa na sijuti.

Shemeji Kabwe, ndugu ya marehemu bwana yangu, anataka mashua yenye marehemu aliniachia tuitoe arbre, kile chuma cha kuzungusha hélice, ile panga ya kusukuma mashua mu maji, tutie moteri ya muguu, ile ya kufungwa inje nyuma. Shemeji iko na raison, anasema kweli kidogo: kule mu muto Luapula muchanga iko mingi chini ya maji, na muguu unanyanyuka, unapita.

Lakini muguu ukivunjika, pièce, kipuri chake, inatoka Ulaya. Arbre ikipinda, fundi wa hapa anainyoosha.

"Utakwama, samaki itaoza," alisema mbele ya bantu benye walikuwa kwa fundi.

"Nitashuka mu maji, nitasukuma."

"Na mamba?"

Mamba naogopa, kweli. Nikamwambia fundi afunge arbre mupya pahali pa ile yenye ililika, na akaifunga shemeji akiwa anaangalia.