Nilikataa Udi wa Shangazi

Bi Sabiha, shikamoo. Naandika kwa sababu kusema siwezi, hata nyumbani wananijua kwa kunyamaza, na hili nililolifanya nimelifanya kwa mdomo wangu mwenyewe, ndiyo maana linanishinda.

Nimemaliza kidato cha nne, tunakaa Bweni, ng'ambo ya Pangani, na nimepata nafasi ya uuguzi Tanga mjini, masomo yanaanza baada ya wiki mbili. Baba alimwomba binamu yake, Shangazi Ghaliya wa Raskazone, hukohuko Tanga, anipe chumba, naye akasema niletwe kwanza anione. Sasa dada yangu Rasha, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa amerudi kutoka Maskati na akanizawadia chupa ya manukato ya Kifaransa, yale ya watu wakubwa, ndani ya boksi mna kikaratasi kinachoeleza kwamba harufu inaanza kama limau na pilipili manga, inafuata ngozi ya tandiko la farasi, inamalizia kwa mvua juu ya jiwe. Mimi nilijipulizia nikaandika kwenye daftari nilichokisikia kweli: kwanza penseli iliyochongwa, kisha viatu vipya, mwisho kabati la bibi. Nikajilaumu kwamba pua yangu haijasoma. Bibi aliuliza nani anapaka mlango vanishi, na asubuhi ya safari mzee mmoja kwenye pantoni akauliza hivyo hivyo, lakini Bi Sabiha, nilipoingia kwa Shangazi wanawake wote waligeuka kunitazama, na mimi katika maisha yangu sijawahi kuingia mahali watu wakajua nimeingia.

Tulikula, tukanywa kahawa na halua, na alasiri wakati wa kuaga Shangazi akaleta chetezo chenye makaa na udi aliopika mwenyewe, akawa anamfukiza kila mgeni. Rasha alikuwa ameniambia manukato haya hayachanganywi, ukiyachanganya umeyaua. Chetezo kilipofika kwangu nikakusanya buibui langu nikasema, "Hapana Shangazi, mimi nina manukato yangu, hayataki moshi."

Jirani yake mmoja, Bi Tausi, akasema, "Mpite huyo, kashafukizwa Ufaransa." Wakacheka. Shangazi hakucheka, akasema taratibu, "Basi mwanangu, nyumba yangu yote ni udi, sijui utalalaje humo."

Tangu siku hiyo hajapokea simu ya baba, na baba amesema kama sina pa kukaa nitabaki nyumbani, nafasi iende. Rasha anasema nisiombe radhi, eti wale hawajui manukato. Na jambo ambalo sijamwambia mtu ni kwamba chetezo kilipokuja nilikuwa nimeshanusa kiganja changu, sikusikia limau wala tandiko, nilisikia sabuni tu. Yalikuwa yameisha. Nifanyeje?

Mimi binti wa Bweni.

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka, unisamehe.

Umekaa kimya miaka yote hiyo, na siku uliyopata sauti ukaitumia kukataa udi. Tena kulinda harufu ambayo haipo. Askari wa geti hulinda nyumba, wewe umelinda kiwanja kitupu.

Mwenyeji anayekufukiza hakuambii unanuka. Anataka utoke kwake ukiwa na kitu chake, hata huko njiani watu wajue ulipokelewa wapi. Wewe ulikwenda kuomba chumba, ukakataa harufu ya hicho chumba mbele ya majirani. Ulitaka akujibu nini?

Huyo Rasha mwache. Yeye akitoka hapo ana kitanda Maskati. Pua yako nayo haina kosa: ilisema penseli, na mimi naiamini kuliko kikaratasi. Aliyeandika habari za tandiko sidhani kama alimkaribia farasi. Shangazi yako angeweza kukuita jikoni akakusema huko, si mbele ya Bi Tausi. Lakini yeye hajaniandikia, umeniandikia wewe.

Usimtume mama. Usiandike ujumbe wa simu. Na hiyo chupa usimpelekee iwe zawadi ya kuomba radhi, asije akadhani umemletea vanishi ya milango.

Nenda mwenyewe, kesho kutwa isipite. Oga kwa sabuni, usijipulizie kitu. Ukifika, mwamkie, na kabla hujakaa mwambie: "Shangazi, siku ile niliondoka bila kufukizwa. Nimefuata udi wangu." Sauti ikitetemeka iache itetemeke, haya yako leo ina kazi. Usieleze limau, usimtaje Rasha. Atakuweka, pengine mpaka alasiri, atakutuma maji, atakusema. Kaa. Chetezo kikija, fungua buibui, moshi uingie mpaka kwenye nywele. Ndipo umuulize siku ya kuleta godoro.

Kisha rudi kwenu. Ukivuka na hilo pantoni na asitokee mzee wa kuuliza vanishi, kafunge sanduku lako.