Makapu Yaliyotuliwa Kilimani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Mvua zimeanza huko Usoke? Na Mama, bado anakugombeza ukienda kuchungulia bani la kukaushia tumbaku bila koti? Mimi ni mzima. Naandika kwenye karatasi kwa sababu mfalme wa huku amezima mtandao na simu, na dereva mmoja wa lori ameahidi kuiposti barua hii akivuka mpaka. Najua umepiga simu mpaka umechoka. Usilie, Baba. Na Mama asijue kwamba nimesema unalia.

Siku hizi naishi kama niko ndotoni. Asubuhi ukungu hushuka kwenye mashamba ya zabibu ya mfalme ninakofanya kazi, nami naiona miti ya miyombo ya nyumbani imesimama humo, hata harufu ya asali naipata. Ukungu ukiondoka nabaki na zabibu tu.

Hapa kila kitu ni cha mfalme. Mto aliugeuza upite kwenye bustani zake, visima vya vijiji vikakauka. Unga umepanda bei hadi watu wanaona haya kuuulizia. Vijana waliosoma wanashinda vibarazani, na mwalimu mmoja aliyehoji mambo haya redioni hajaonekana tena. Nilimwuliza Seluma, mama mtu mzima ninayekaa naye chumba kimoja, mbona hamhami? Maana ulituambia kwamba zamani kwetu mtemi akizidi ukali, watu walifunga mizigo wakaenda kwa mwingine, akabaki na ngoma zake. Seluma alicheka.

"Tuhamie wapi, mwanangu? Hata huko tutakakofika ni kwake."

Basi jioni moja, tukichambua zabibu, nikawasimulia wafanyakazi wenzangu ile habari yako ya wapagazi wa njia ya Ujiji. Mwenye msafara akiwadhulumu, hawakupigana wala kutoroka. Walitua mizigo wote pamoja, polepole, kitu kisivunjike, kila mtu akakaa kando ya mzigo wake mpaka wasikilizwe. Nilisimulia kwa hamu ya nyumbani tu, Mungu ananiona.

Juzi ikawa siku ya malimbuko. Wafanyakazi hupanda kilima hadi ikulu na makapu kichwani, ingawa malori yapo, kwa kuwa mfalme hupenda kuutazama ule mstari kutoka roshani. Katikati ya kilima Seluma, aliyekuwa mbele yangu, akasimama. Akatua kapu lake taratibu, akakaa kando yake. Nilidhani amechoka. Kisha akatua wa mbele yake, na wa nyuma yangu, hadi kilima chote kikawa kimya. Jua lilikuwa la upole, na Baba, niliwaona wapagazi wetu wamekaa katikati yetu, wanavuta tumbaku.

Mimi nilibaki nimesimama. Ni mgeni, kibali changu cha kazi kinatoka kwa mfalme, na nilikuahidi kwamba Krismasi nitakuwa nyumbani. Niliogopa sana. Halafu nikatua.

Msimamizi alikuja na askari, akauliza nani aliyetufundisha ujinga huu. Seluma akajibu bila kuinua macho, "Mzee mmoja wa Usoke." Aliyefuata akasema hivyo hivyo. Mstari mzima ukakutaja wewe, hata wale wasioweza kulitamka jina la kijiji chetu. Hakuna aliyenitazama.

Mpaka leo tumekaa hapa. Watu wa vijijini wanapanda na mikate, nao wanakaa. Askari wameongezeka pia. Sijui nitapandishwa ndege au nitafungwa, na sitaki kukudanganya.

Msalimie Mama, na shangazi anayelima kule Kipalapala, aniombee. Mdogo wangu mwambie asiuze baiskeli yangu. Krismasi niwekeeni sahani hata kama sijafika.

Na akija mtu hapo Usoke akauliza ni mzee gani, Baba, usikane.

Ni mimi binti yako, niliyekaa kando ya kapu langu,

Veronika