Shemeji Amebeti Jua

Mwenzangu, uko? Kaa chini kwanza.

Unamjua shemeji yangu, yule fundi paa, mume wa dada. Leo kaezua mabati yote ya chumba cha mama ili aweke mapya. Mchana wingu likawa jeusi tii. Mama akamwambia, "Baba, funika turubai."

Akakataa. Nasema akakataa. Eti amebeti kwenye simu kwamba leo mvua hainyeshi, na akifunika atajiletea nuksi. Wiki jana alipatia mara moja tu, tangu hapo anajiona mtabiri.

Imenyesha. Godoro, nguo, picha ya marehemu baba, vyote vimelowa chapachapa.

Sasa sikia. Bwana mkubwa kasimama katikati ya maji anaichekea simu. "Mama, nimeshinda." Eti mchezo unahesabu mvua ya uwanja wa ndege, na huko halijadondoka hata tone. Nimeshinda, nimeshinda, na maji yanamchuruzika puani.



Mama akamaliza kukamua shuka, taratibu kabisa. "Hongera, baba. Leo mimi nalala kitandani kwako. Wewe nenda kalale uwanja wa ndege, si ndiko hakujanyesha."