Kitambaa Kilichoungua Juu ya Hita

Nyumba ya kona, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Penseli,

Hujambo huko uliko? Unalala vizuri? Unakula? Najua utasema unakula, lakini kwenye ile picha ya juzi shingo yako imekuwa nyembamba, na baba yako naye ameona, si mimi peke yangu. Kikohozi kimeisha?

Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Mgongo wa baba yako unamsumbua asubuhi, akishaanza kupiga randa anasahau. Bibi yako miguu ni ile ile, hainuki bila kushikwa, lakini mdomo mzima kabisa.

Usishangae kuona barua. Simu ninayo na salio lipo. Ila kwenye simu una haraka, nikifika katikati unasema "haya mama, haya", nabaki na neno langu mdomoni. Leo utalipokea lote. Neno lenyewe ni hili: Jumatatu usitie sahihi ile michoro ya hita. Nilikudanganya.

Naomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Ile hita uliyotutumia tuijaribu, ilipofika tulifurahi wote. Baba yako aliitoa kwenye boksi taratibu kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Ikasimama wima, imenifika kiunoni, nyembamba, nyeupe, vile vijiti vyake vitatu vya kioo vikaiva vyekundu nyuma ya wavu, na lile bati linalong'aa likatusukumia joto usoni. Nikakumbuka ulivyonieleza, kwamba joto la vijiti linamfikia aliyekaa mbele tu, ndiyo maana ukaweka feni. Inavuta hewa kwenye matundu ya kichwani, inaipitisha nyuma ya bati, inaitoa chini ikiwa ya moto, hata wa pembeni apate. Na kweli alipata. Bibi yako pale kitandani kwake kwenye kona, miguu ilishika joto kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Akaipa jina Bwana Mrefu. Kila asubuhi, "Niwashieni Bwana Mrefu. Mume gani huyu, anapuliza tu wala haongei!"

Sasa mwanangu, kitu kizuri namna ile, kipya, tena umekichora wewe, mimi nikiache kichwa wazi? Unanijua. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ina kitambaa. Na kichwa chenyewe ulikitengeneza bapa, kimelala sawasawa kama meza ndogo. Nilikaa siku nne na sindano ya kroshia, nikafuma cha rangi ya maziwa chenye maua pembeni, nikakitia wanga, nikakilaza juu. Kilikaa utadhani walipimana.

Kitabu cha maelezo nilikiona, usiseme sikukiona. Kuna picha ya shati juu ya hita, limekatwa kwa mstari mwekundu. Nikasema sawa, hapa hawataki mtu aanike mashati. Nani alitaka kuanika shati? Mimi nilikuwa naipamba.

Siku ya tatu tangu niivishe, saa nne asubuhi, niko uani naanika mashuka, nikasikia Bibi anagonga ukuta kwa fimbo. Nikadhani anataka chai. Nikamjibu, "Nakuja, mama," nikamalizia shuka nililokuwa nalo mkononi. Hilo shuka ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Aliyeingia kwanza ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Mimi nilipofika alikuwa ameshachomoa plagi, kitambaa amekitupa sakafuni anakikanyaga na kandambili zake, chumba kimejaa moshi, Bibi anakohoa, machozi yanamtoka. Kitambaa kimeungua katikati tundu la ukubwa wa kisahani. Plastiki ya kichwani imelainika ikabonyea. Bibi hakuungua. Nasema tena, hakuungua. Alipopata pumzi akasema, "Kumbe Bwana Mrefu anavuta sigara!" Fundi akacheka. Mimi nikafungua madirisha moshi utoke.

Lakini fikiria, Penseli. Mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe. Fundi siku ile alikuwa amejiandaa kwenda kununua vifungo, akachelewa kwa sababu hakuona kiatu kimoja.

Baba yako akaifungua kwa bisibisi. Kile kidude cha kuizima ikizidi moto, ulichojivunia sana kwenye simu, alikikuta kimekaa chini karibu na feni, kwenye ubaridi. Kitambaa kimeziba matundu, joto limejifungia kichwani, kidude kiko chini hakina habari. Akasema ni kama mlinzi amekaa getini na mwizi yuko darini. Kilizima, ndiyo, lakini kitambaa kilikuwa kimeshashika moto.

Jioni ile ukapiga simu kuuliza inaendeleaje, nami nikasema haina kasoro hata moja. Niliona aibu. Nilijua utauliza kama nilisoma kitabu. Nikajisemea huu ni ujinga wangu, mimi niliyeishia darasa la nne, kwa nini nimharibie mtoto kazi? Baba yako nilimwomba anyamaze. Alikubali shingo upande.

Halafu juzi ukapiga tena na furaha zako. Kwamba wakubwa wako wamependa maneno ya mama wa nyumbani, wameyaingiza kwenye ripoti, na Jumatatu tarehe 15 unatia sahihi ili kiwanda kianze kuzitoa, na sahihi hiyo ndiyo itakayokutoa kwenye majaribio ikupe ajira ya kudumu. Nikakupigia vigelegele kwenye simu. Nilipokata ndipo nikaelewa. Ripoti nzima imesimama juu ya uongo wangu.

Kama ujinga ungekuwa wangu peke yangu, ningenyamaza mpaka kaburini. Kwa hiyo nikatoka kwenda kuangalia. Nilipita nyumba saba za mtaa huu, nikijifanya namtafuta kuku wangu. Kila nyumba nikichungulia sebuleni: kuna kitambaa juu ya kitu cha umeme? Nyumba sita kipo. Ya saba kilikuwa kwenye kamba, amekifua.

Sasa wewe niambie, hita hizo zikitoka elfu, wangapi watazivisha? Wakubwa wako watasema kitabu kimekataza. Waambie mama wa aliyeichora alikiona kitabu, na bado alifunika. Watu hatufuniki kwa ukaidi. Tunafunika kwa kupenda, na anayependa hasomi maonyo.

Nilipomwambia baba yako kwamba nakuandikia, alinyanyuka hapo hapo akachukua ubao. Tumeshinda nao siku nzima, hita ikiwa haina umeme. Kichwa cha kwanza alikitengeneza kama paa la nyumba, mteremko huku na huku. Nikaweka kitambaa, kikateleza. Tukashangilia. Fundi cherehani akavua futi yake ya shingoni, akaining'iniza juu ya mgongo wa paa, ikakaa kimya, ncha moja huku, nyingine kule. "Haya, seremala!" akasema. Baba yako akaondoka, akarudi na kichwa chenye mteremko mmoja tu, unaoelekea mbele. Kitambaa kikateleza vizuri, kikaangukia kwenye wavu wa vijiti. Bibi akasema, "Hapo sasa mmemfunga aproni." Kweli, huko ndiko kubaya zaidi.

Ndipo akaugeuza. Mteremko mmoja, mkali, unaoelekea nyuma, na matundu ya hewa yakae chini ya ukingo wake kama madirisha chini ya paa. Nyuma akaongeza miguu miwili ya mbao iliyolala, inayochomoza kwa urefu wa kiganja, ili hita isisukumwe ikagusa ukuta. Tukajaribu vitambaa vyangu vyote vitano, vyenye wanga na visivyo na wanga. Tukajaribu futi, kikombe, soksi, miwani ya Bibi. Kila kitu kilianguka sakafuni nyuma. Miwani ilikuwa bahati, haikuvunjika. Na kile kidude cha kuzima, baba yako anasema kihamie juu kichwani, joto linakojificha. Hesabu zake utajua wewe. Mchoro wake ameuweka ndani ya bahasha hii, usicheke mistari, mkono unamtetemeka kidogo siku hizi.

Kwa hiyo Jumatatu usitie sahihi. Simama uwaambie yale maneno ya ripoti yafutwe, aliyeyasema ameyarudisha mwenyewe. Wakitaka kunisikia, namba yangu unayo, nitawaambia bila kulia, nimefanya mazoezi mbele ya fundi. Wakisema unawachelewesha, wachelewe. Wakisema basi ajira haipo, funga begi urudi, kitanda chako kipo na ukuta uliouchora ukiwa na miaka sita hatujaupaka rangi. Mimi nataka kazi hiyo uipate kuliko wewe unavyoitaka. Lakini sitaki uipate kwa mdomo wangu wa uongo, halafu siku moja mama wa mtu agonge ukuta na fundi awe ameshapata kiatu chake.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi, dereva wa basi la asubuhi amekubali kukifikisha mpaka mkononi kwako. Ndani kuna kitambaa chenyewe. Mbele ya wakubwa wako usianze na maneno mengi. Kitandaze tu mezani.

Baba yako anakusalimu na anasema jina lake lisiandikwe popote, ila ukipenda liandikwe. Fundi cherehani anakusalimu. Bibi anakusalimu sana, amevaa sweta mbili na soksi za baba yako, na anasema atamngoja Bwana Mrefu mpaka apate kichwa kipya. Nisalimie mama mwenye nyumba wako, mwambie akulazimishe kula.

Mungu akusimamie Jumatatu, akupe sauti isiyotetemeka.

Mimi nikupendaye hata ukinikasirikia,
Mama yako.

Kitambaa usikifue. Nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni ili kifike na harufu yake.